Beki anaongoza kwa takolini, mbona anakaa benchi?

Swali: Kaka mchambuzi habari za kazi. Niko hapa hapa Dodoma, Chang'ombe, timu yetu ya mtaani tunajaza takwimu za kila mechi kwenye eksel. Kuna kitasa wetu, yaani beki wa kati, anaongoza kwa takolini (kumwingilia mpinzani kwa mguu kuuondoa mpira) na kunyang'anya mipira ila kocha anampanga mwingine mwenye namba za kawaida kabisa. Kocha anatuchezea au namba ndo zinatudanganya?

Jibu: Salama kabisa kaka. Mimi kukata video za mechi ndo kazi yangu na mpaka leo beki ananiumiza kichwa kuliko wote. Straika rahisi, kafunga hajafunga, lakini beki unamhesabia alichofanya wakati kazi yake kubwa ni vitu visitokee.

Juzi kati nilikuwa uwanja wa Jamhuri, upepo ule wetu unapuliza mpaka kona inarudi ilikotoka, winga wa wageni kapokea pembeni kanyanyua kichwa anataka kupenyeza kwa straika wake, kitasa akasogea kushoto hatua mbili tu huku mkono unamwonyesha namba sita, kiungo mkabaji, pa kuziba, winga akasita akarudisha nyuma. Kwenye eksel hapo unajaza nini? Hamna kitu. Baadaye kidogo kitasa mwenzake kaachwa na mtu, akamkimbiza kama anawahi daladala, akateleza, mpira nje, jukwaa zima juu, takolini moja safi kabisa. Ila ile alikuwa analipa deni la uzembe wake mwenyewe.

Halafu timu isiyokaa na mpira mabeki wake lazima watakaba sana, kwahiyo kabla ya kulinganisha gawanyeni kwanza takolini zao kwa muda ambao wapinzani walikuwa na mpira. Mipira ya juu, aliyogombea mingapi na kashinda mingapi, hiyo naiamini kiasi.

Wenzetu wa hoki ya barafu Kanada na Marekani wana kipimo kinaitwa Corsi, mchezaji akiwa uwanjani wanahesabu mashuti yote ya timu yake, yaliyolenga, yaliyotoka na yaliyozuiwa, wanatoa ya wapinzani. Tena wao wana afadhali, wanabadilishana kila baada ya kama dakika moja hivi kwahiyo unaona timu ikiwa naye na ikiwa bila yeye, na bado wanabishana, maana beki anayepangiwa wakali tu anaonekana mbovu na mwenye beki mwenza mzuri anang'aa bure. Sasa sisi kitasa wetu anacheza dakika 90, hiyo "bila yeye" utaipata wapi?

Na namba zikipungua si lazima beki awe kashuka. Jaap Stam je, yule kitasa Mholanzi? Manchester United walimuuza Lazio 2001, inasimuliwa sana kwamba takolini zake zilikuwa zimepungua, kocha wao Ferguson mwenyewe alikuja kukiri alikosea kumuuza.

Kocha wenu kuwa na upendeleo wake inawezekana, sikatai. Ila mechi ijayo weka simu mfukoni, tafuta sehemu ya juu, mwangalie huyo anayepangwa dakika 10 tu mpira ukiwa mbali naye, hesabu mara ngapi mpinzani anaghairi pasi upande wake, kisha geukia yule wa takolini akiingia. Nitumie mlichopata.