Maswali ya Wasomaji: Nani Anayemaliza Wimbo?

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji wanaopiga muziki kwa mapenzi, yaani wale ambao mchana ni walimu, mafundi cherehani au makarani na usiku wa Jumamosi hushika ala, watueleze yaliyowapata jukwaani walipotoka kwenye muziki waliouzoea na kuingia mwingine. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Nimezisoma zote, na ninaona kwamba karibu kila mwandishi, kwa maneno yake mwenyewe, analalamikia jambo moja: hakujua ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya wimbo.

*Swali: Kwa miaka mingi nimepiga kinanda katika kwaya ya kanisa mjini Morogoro. Hivi karibuni bendi moja ya dansi iliniomba nishike nafasi ya mpigaji wao aliyeugua, nami nikakubali kwa sababu nyimbo zao zilionekana kuwa na koodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu tu. Sehemu ya mwanzo ilikwenda vizuri, lakini wimbo ulipochanganya nilipotea kabisa. Wenzangu walibadilika wote kwa pamoja bila mtu yeyote kutoa ishara, na mpiga besi alinitazama kwa jicho kali hadi tulipofunga vyombo. Tatizo lilikuwa nini?*

Nianze na lile jicho la mpiga besi, maana lina maelezo mepesi. Kanisani, penye kinanda kimoja na waimbaji wengi, mkono wako wa kushoto ndio besi, ndio unaowashikilia wanaume wa sauti ya nne wasishuke. Katika bendi ya dansi kazi hiyo ina mwenyewe. Kila noti ya chini uliyoipiga iliangukia mahali pake, na kwa kuwa yeye hapigi noti nzito kwenye pigo la kwanza bali hutembea na kuruka akiacha nafasi za makusudi, wewe ulikuwa ukizijaza nafasi ambazo ndizo zinazowafanya watu wainuke vitini. Mara nyingine piga kwa mkono wa kulia peke yake, juu ya C ya kati, tena kidogo kuliko unavyodhani inatosha.

Sasa tuje kwenye kupotea. Wimbo wa muziki wa dansi wa Tanzania, kama ulivyojengwa na bendi za jumuiya na mashirika ya umma, NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na DDC Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 zikiwemo, kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kisa: beti huimbwa kwa utulivu, kiitikio hujibu, tarumbeta na saksafoni hupita katikati, na mtu aliyelelewa kwenye kwaya hajisikii mgeni. Ya pili ni chemko, yaani pale wimbo unapochanganya ili watu wacheze. Hapo koodi hubaki zile zile tatu zikizunguka, kwa hiyo ukizitegemea koodi zikuambie ulipo hutaambiwa kitu. Kinachobadilika ni vipande vya magitaa. Mpiga gitaa la solo hurudiarudia kipande kimoja mpaka aone kimekolea, kisha hukiacha na kuingiza kingine. Mpiga drams humsikia na kumjibu kwa mkwaju, magitaa ya ridhimu na solo la pili hujipanga upya, na rapa hutupia maneno yake juu. Ishara ilikuwapo, basi, lakini ilitolewa kwa sauti ya gitaa, nawe ulikuwa ukitafuta mkono wa mwalimu wa kwaya.

Urefu wa chemko hauamuliwi kabla. Mpiga solo hutazama sakafu, na kama watu wamejaa na wanaendelea kuja, ataongeza. Kama wameanza kurudi mezani, atafunga. Ukialikwa tena, omba kusimama mahali unapouona mkono wake wa kushoto na unapomwona mpiga drams, na unapozisikiliza rekodi zao nyumbani usihangaike na koodi, bali weka alama mahali kila kipande cha solo kinapobadilika. Zaidi ya hayo, mpiga tarumbeta akikuambia kwamba wimbo uko C, muulize anasema C ya nani, kwa sababu C ya tarumbeta ya kawaida kwenye kinanda chako ni B flati. Watu wamekosana kwa jambo hilo dogo.

*Swali: Nimesoma fidla kwa noti hapa Unguja, na nilichukuliwa kukisaidia kikundi cha taarab kwenye harusi. Karatasi niliyopewa ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mwimbaji aliurudia ubeti wa pili mara kadhaa huku wanawake wakiinuka mmoja baada ya mwingine kumtunza, na mimi nilikuwa nimeshafika mwisho wa karatasi. Je, si kuvunja nidhamu ya muziki kuiacha fedha iamue urefu wa wimbo?*

Sikubaliani nawe, na ninaomba unisikilize kwa subira. Anayetunza hanunui wimbo. Huinuka na noti yake mkononi, akaja akicheza polepole hadi mbele ya mwimbaji, mara nyingi kwenye mstari ule ule uliobeba lililo moyoni mwake, na kila aliyeketi ukumbini anaelewa, au anadhani anaelewa, kwamba maneno hayo yanamwendea nani. Mstari huo ukipita mara moja tu, wale ambao hawajainuka hubaki na lao kifuani. Mwimbaji mzoefu huusoma ukumbi, akaurudisha ubeti, akaushikilia, na akauachia baada ya kuona kwamba aliyetaka kusema amekwisha kusema. Shairi linatumika pale pale mbele yako, na wewe na fidla yako ni sehemu ya matumizi hayo.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, wimbo ulilazimika kuingia katika santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ambayo kila upande wake ulibeba takriban dakika tatu. Kifaa ndicho kilichomaliza wimbo. Anayejifunza taarab kwa kusikiliza rekodi pekee, za zamani au za leo, anajifunza muziki uliokatwa kulingana na chombo, kisha anafika harusini na kushangaa kwamba haukatiki. Karatasi yako nayo ni ya namna hiyo: inakupa kipande cha ala cha mwanzo, njia ya ubeti na kipande cha kati, na imemwachia mwimbaji aseme utarudi mara ngapi.

Namna ya kumfuata ni kulijua shairi. Beti nyingi za taarab ni za mistari mitatu, zenye vina vya kati na vya mwisho, na mtu anayelishika shairi kichwani hana haja ya kuhesabu vipimo, kwa kuwa vina vyenyewe vinamwambia amefika wapi. Baada ya mstari wa mwisho, usikimbilie kipande cha kati kabla hujamtazama kiongozi, awe ni mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) au fidla ya kwanza. Yeye anamtazama mwimbaji, nawe umtazame yeye. Kumbuka pia kwamba fidla zote hupiga njia moja, kila mpigaji akiipamba kwa namna yake, hivyo usijaribu kumtengenezea mwenzako sauti ya pili kama ulivyofundishwa darasani.

Jambo la mwisho kwako linahusu sikio. Makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati, yana noti zinazokaa katikati ya noti mbili za kinanda. Fidla na udi huzitoa bila shida, na kanuni ina vigingi vidogo vya kuzirekebishia, lakini akodiani ya kawaida haiwezi. Kwa hiyo kabla hujaonyesha ulichojifunza, angalia ni ala zipi zilizokaa pamoja nawe, maana ukiipiga noti hiyo ya katikati, yaani robo sauti, peke yako pembeni mwa akodiani, ukumbi mzima utasema mgeni amekosea, ingawa kwa vitabu wewe ndiye uliye sahihi.

*Swali: Mimi ni mwimbaji wa bongo fleva hapa Mwanza. Nimezoea kuimba juu ya CD. Nimealikwa kuimba na bendi kamili, na kwenye mazoezi ya kwanza sauti ilikauka kabla ya kiitikio cha mwisho. Nifanye nini?*

Wimbo wako ulirekodiwa kwa vipande, kila kipande ukiwa umepumzika, na huenda fundi wa studio alikinyanyua au kukirekebisha kiitikio kwa kompyuta. Ukumbini unaimba wote kwa mfululizo, tena unasimama mbele ya drams. Waombe wenzako washushe ufunguo kwa sauti nzima moja, na isipotosha, kwa moja na nusu. Hakuna msikilizaji atakayelalamika, na mpiga gitaa anayelalamika apewe muda wa mazoezi. CD nayo imekuharibu kwa namna nyingine: imekuzoesha kwamba wimbo unaisha wenyewe. Bendi itakusubiri. Ukinyamaza kwa kuwapungia mkono mashabiki, bendi nzuri itazunguka mahali pale pale mpaka urudi, na bendi isiyokuzoea itagawanyika, nusu ikienda kwenye ubeti na nusu ikibaki. Kubalianeni ishara mbili tu, ya kurudia na ya kufunga, na uzitoe mapema, kabla ya mstari kuisha.

Monita yako, yaani spika ya jukwaani inayokurudishia sauti yako, iwe karibu nawe ikitazama uso wako. Usiimbe kwa kufuata sauti inayorudi kutoka ukuta wa nyuma wa ukumbi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 17 kutoka kwako inakufikia ikiwa imechelewa kwa sehemu ya ishirini ya sekunde, na mwimbaji anayeifuata hiyo huivuta bendi nyuma wimbo mzima bila kujua kwa nini kila mtu amechoka.

*Swali: Ninapiga gitaa jioni katika hoteli ya pwani, Mombasa. Wageni huomba nyimbo zile zile kila siku. Ninawezaje kuepuka kuchoshwa nazo?*

Mgeni wa leo hajausikia wimbo wa jana. Huko hotelini mwenye kuumaliza wimbo ni mhudumu anayeleta chakula, kwa hiyo nyimbo ziwe fupi. Wakati meza zikingojea, ubadilishe wimbo ule ule kutoka mwendo wa rumba hadi mwendo wa chakacha wenye hesabu ya sita. Mkono wako wa kulia utapata kazi mpya na wao bado watautambua. Kama hata hivyo umechoka, basi umechoka na hoteli, na hilo gitaa haliwezi kulitatua.

*Swali: Mimi ni mpiga drams wa bendi, Temeke. Vijana wa singeli wameniomba niwasindikize jukwaani. Mwendo wao siuwezi.*

Singeli nyingi huzidi mapigo 200 kwa dakika, nao ni muziki ulioundwa kwenye kompyuta na watu ambao hawakujiuliza mkono wa binadamu utachoka lini. Usishindane na kompyuta. Iache ibebe vile vigongo vidogo vya haraka, wewe upige dramu kubwa na snea kwa nusu ya mwendo, uwape watu mahali pa kukanyaga. Msikilize sana anayechana maneno, kwa kuwa yeye ndiye anayemwamuru DJ akate mdundo ghafla ili mstari wake usikike mtupu, na mpiga drams anayeendelea kupiga baada ya mkato huo huonekana na uwanja mzima. Kwa maoni yangu huu ndio muziki mgumu kuliko wote waliouliza wasomaji mwezi huu, na wanaoudharau hawajawahi kuusindikiza.

*Swali: Baada ya kila onyesho masikio yangu hulia hadi asubuhi. Marafiki wanasema nitazoea. Ni kweli? Msomaji wa Dodoma.*

Si kweli, na marafiki hao wasikushauri tena. Mlio huo ni dalili kwamba masikio yameumizwa, na ingawa mara nyingi hutulia, madhara yanayorudiwa hujilimbikiza na hayarudi nyuma. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, kiwango ambacho bendi katika ukumbi mdogo hukifikia bila taabu, muda salama ni dakika 15 tu. Onyesho lako ni la saa nne au tano. Pamba haisaidii vya kutosha. Nunua viziba masikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa uwiano ili bado umsikie mwimbaji. Usisimame upande wa matoazi. Na mwombe fundi mitambo ashushe monita za jukwaani kabla ya kuongeza za ukumbini, maana mara nyingi kelele huanza kwa mpiga gitaa mmoja anayetaka kujisikia, na wengine wakapandisha zao kumfuata. Mlio ukiendelea zaidi ya siku moja au mbili, au ukiona husikii vizuri upande mmoja, nenda hospitali ukamwone daktari wa masikio kabla ya kukubali onyesho jingine.