Joshi na demani: kuchagua mahali pa kuruka ukiwa unaishi Dar

Anayeanza paraglaidingi, yaani kuruka kutoka kilimani kwa mwavuli wa kitambaa, huuliza kwanza kilima kiko wapi. Wewe uliza upepo unatoka wapi. Mabaharia wetu wana maneno mawili yanayotosha: joshi, upande unaopigwa na upepo, na demani, upande uliokingwa. Tunaruka joshini. Demani, hewa iliyovuka kilele huporomoka na kutibuka, na mwavuli wetu hauna fremu. Hushikiliwa na hewa tu, ukipigwa kutoka juu unakunjika.

Chukua Uluguru, kama kilomita 190 kutoka Dar. Mji wa Morogoro umekaa upande wa kaskazini wa milima hiyo. Msimu wa kusi, kati ya Mei na Oktoba hivi, upepo mkuu hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo miteremko inayoutazama mji iko demani. Mjini bendera imelala, mgeni anadhani kumetulia, kumbe huko juu hewa inachemka. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, mteremko uleule unaweza kuwa joshini.

Usitazame utabiri wa upepo wa chini peke yake. Linganisha na ule wa mita 1,500. Chini kukiwa na kilomita 10 kwa saa na juu 35, usipande: jua likishapasha ardhi, hewa huchanganyika na upepo wa juu hushuka, mara nyingi kabla ya saa sita mchana. Mwavuli wa mwanafunzi huenda kilomita 35 hadi 38 kwa saa, basi fanya hesabu mwenyewe utaelekea wapi.

Kimo cha mawingu nacho kinahesabika. Toa jotoridi la umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake hugeuka matone, kwenye joto la hewa, zidisha kwa 125, unapata mita juu ya ardhi. Dar ikiwa na nyuzi 31 na umande 24, mawingu yako mita 875. Morogoro ikiwa na 31 na umande 17 ni mita 1,750. Jumlisha mwinuko wa mji, kama mita 500, unafika 2,250 juu ya bahari. Vilele virefu zaidi vya Uluguru vinapita 2,600. Maana yake vitakuwa ndani ya wingu, na ndani ya wingu hatuingii.

Ukifika, shika kipima upepo kwa dakika tano. Kwa anayeanza, mwisho ni kilomita 20 kwa saa. Tofauti kati ya kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa ikizidi 10, funga begi, hata kama wastani unapendeza. Funga utepe mmoja pa kurukia na mwingine mita 30 chini yake. Zikipingana, uko kwenye mtibuko.

Fukwe za Kigamboni ni tambarare, hazikuinui, ila ni uwanja mzuri wa kujifunza kuusimamisha mwavuli juu ya kichwa. Nenda maji yakiwa yamekupwa, upepo ukitoka baharini. Alfajiri upepo wa nchi kavu husukuma kuelekea baharini, acha. Na popote unapotaka kuruka, ulizia kwanza kibali TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa sababu ndege za Uwanja wa Julius Nyerere hupita chini sana juu ya jiji.

Wingu likianza kurefuka kama mnara, hata likiwa kilomita 20 mbali, tua. Upepo wake hutangulia mvua.