Wajitolee Roho, Sisi Tutoe Mashua

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza kama ni haki kazi ya kuokoa watu baharini kuachiwa watu wa kujitolea wasiolipwa chochote, ilhali ni kazi inayoweza kumuua mtu. Najibu ndiyo, ni haki. Ila ndiyo yangu ina sharti, na sharti hilo ndilo lililonifanya nikae niandike kirefu badala ya kutuma mistari miwili.

Nina miaka tisa kwenye kituo cha mashua ya uokoaji. Siendi baharini. Mimi ni wa nchi kavu: nafungua milango ya banda, naendesha trekta linaloishua mashua, nasikiliza redio, na naandika ubaoni idadi ya walioondoka. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kutoka ufukweni, kwa mtu anayebaki akisubiri.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalijui. Desturi ya zamani ya sheria za bahari ni kwamba anayeokoa chombo au shehena ana haki ya kudai ujira, na ujira huo hukadiriwa kwa kuangalia thamani ya mali iliyookolewa. Roho ya mtu haikadiriwi hivyo. Mkataba wa kimataifa wa uokozi wa mwaka 1989 umeandika waziwazi kwamba mtu aliyeokolewa hadaiwi malipo. Naiona desturi hiyo kuwa njema kabisa, kwa sababu ukianza kumtoza anayezama, atakuwepo atakayechelewa kuita msaada huku akihesabu fedha kichwani. Lakini fikirini ilivyokuwa enzi za matanga. Meli ikivunjika mwambani, aliyekimbilia mapipa na marobota alirudi na faida, na aliyemkimbilia baharia alirudi na nguo zilizolowa.

Sir William Hillary aliyaona hayo. Alikuwa akiishi Douglas, katika kisiwa cha Man kilicho kati ya Uingereza na Ireland, ambako dhoruba zilikuwa zikivunja meli karibu kabisa na nchi kavu. Mwaka 1823 alichapisha waraka akiwaomba Waingereza waunde chama cha kuokoa watu wa meli zilizovunjika, na tarehe 4 Machi 1824 chama kikaundwa mjini London. Ndicho hicho ambacho leo kinaitwa RNLI, chenye vituo zaidi ya 230 katika pwani za Uingereza na Ireland, na ambacho mashua zake nyingi huendeshwa na watu wa kujitolea. Hillary hakuishia kwenye kuandika. Novemba 1830, akiwa anakaribia umri wa miaka 60, alitoka na mashua kwenda kwenye meli ya St George, akatupwa majini na wimbi, akavunjika mbavu, na wale watu wa meli wote wakafika pwani wazima. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kusikilizwa anaposema waokoaji wanahitaji nini, na katika waraka wake alitaka pia wajane na watoto wa waokoaji watakaokufa watunzwe. Kwa hiyo sharti langu, kwamba anayejitolea atunzwe na sisi wengine, yeye na familia yake, lina umri wa miaka 200.

Sasa, kwa nini wa kujitolea? Kwa nini zisiwepo meli za serikali zenye mabaharia wa mshahara, mambo yakaisha?

Kwa sababu ya dakika. Mtu akitumbukia kwenye maji ya baridi kali, dakika ya kwanza pumzi humtoka mbio bila yeye kutaka, na hapo wengi humeza maji wakafa kabla hata hawajaanza kupoteza joto. Akiivuka dakika hiyo, ana kama dakika kumi ambazo vidole vyake bado vinaweza kushika kamba au kufunga kishikizo. Baadaye mikono hugeuka kuwa vipande vya mbao, hata kama kichwa bado kinafikiri vizuri. Meli kubwa ya serikali iliyo umbali wa saa mbili itamkuta amekufa. Mashua ndogo iliyo kwenye banda la ufukweni, ambayo watu wake wanaishi na kufanya kazi mitaa ya jirani, inaweza kumkuta hai. Na kwa kuwa simu zenyewe huja kwa nadra, pengine mara mbili kwa wiki, pengine mwezi mzima kimya, hakuna hazina ya serikali itakayoweka mabaharia wa mshahara kila maili chache za pwani wakae wakisubiri.

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Siku hizi tunapokwenda kufundisha watoto, tunawafundisha kinyume chake: ukianguka majini, jizuie usitapetape, lala chali, masikio yawe majini, subiri pumzi itulie, ndipo upige kelele au uogelee. Ni somo la nusu saa tu. Nadhani limeokoa watu wengi ambao hatutawahi kuwahesabu, kwa sababu hawakufika kwenye redio yetu.

Kuna jambo jingine ambalo mshahara hauwezi kulinunua, nalo ni kuijua bahari ya mahali. Nahodha wetu ni mvuvi. Anajua maji yakianza kupwa mkondo unamsukuma mtu upande gani wa mwamba, anajua wimbi linapoinuka ghafla juu ya fungu la mchanga ambalo ramani ya miaka kumi iliyopita inalionyesha mahali pengine. Henry Blogg wa Cromer, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, mwokoaji aliyepewa nishani nyingi kuliko wote katika historia ya RNLI, alikuwa mvuvi wa kaa. Katika miaka 53 ya kutoka na mashua, yeye na wenzake waliokoa watu 873. Blogg hakujua kuogelea. Kila ninaposikia watu wakisema kwamba asiyelipwa hawezi kuwa mjuzi, huwa namkumbuka yeye.

Hapa ndipo sharti langu linapoingia. Anayejitolea ametoa roho yake. Asiombwe kitu kingine. Mashua, mafuta, redio, jaketi la kujiokolea, mafunzo, na matunzo ya familia yake ni deni la sisi wengine tunaolala.

Februari 1861 huko Whitby, Uingereza, mashua ya uokoaji ilitoka mara kwa mara siku moja ya dhoruba, kisha ikapinduka. Watu 12 kati ya 13 walikufa. Aliyepona, Henry Freeman, ndiye aliyekuwa amevaa jaketi jipya la vipande vya koki, lile gome jepesi la mti linaloelea, lililobuniwa miaka michache nyuma. Jaketi moja kati ya watu kumi na watatu! Nimelisoma tukio hilo mara nyingi na kila mara nahisi hasira ileile. Koki si dhahabu. Tangu siku niliposoma, sijawahi kumruhusu mtu apite mlangoni pa banda bila kumkagua kamba za jaketi kwa mikono yangu mwenyewe, hata kama ni nahodha, hata kama ananipigia kelele kwamba tunachelewa.

Miaka 25 baadaye, Desemba 1886, mashua tatu zilitoka kuifuata meli ya Kijerumani iitwayo Mexico karibu na Southport, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mbili zilipinduka, waokoaji 27 wakafa. Ya tatu, ya mji jirani wa Lytham, iliwaleta watu wote 12 wa meli. Msiba ule ndio uliowaamsha watu wa miji ya ndani, wasioiona bahari mwaka mzima. Mwaka 1891 mjini Manchester walipita barabarani na kukusanya michango ya mashua za uokoaji kwa gwaride. Naupenda sana mfano huo kwa sababu Manchester haina ufuko, lakini pamba yake ilikwenda na kurudi kwa meli. Anayekula jasho la bahari akiwa mbali nayo anadaiwa kama sisi tunaoisikia ikivuma usiku.

Ujerumani chama chao cha uokoaji, kilichoanzishwa mwaka 1865, hadi leo kinaendeshwa kwa michango, na visanduku vyake vya kuchangia vyenye umbo la mashua huwekwa kwenye kaunta za maduka na migahawa nchi nzima. Afrika Kusini walianza mwaka 1967, baada ya wavuvi 17 kufa katika dhoruba karibu na Stilbaai mwaka uliotangulia. Mwanamke mmoja aliandika barua gazetini akidai pawepo mashua za uokoaji, na chombo chao cha kwanza kilikuwa boti ya mpira isiyofika urefu wa mita tano. Mhariri, barua za wasomaji zina kazi.

Mashua za leo ni kitu kingine kabisa. Chumba cha nahodha hufungwa kisipitishe maji, na mashine na uzito wote huwekwa chini karibu na mkuku, hivi kwamba ikipinduliwa na wimbi inajigeuza yenyewe kwa sekunde chache. Nyingine hazina panga la mashine linalozunguka nje, zinasukumwa na maji yanayofyonzwa na kutupwa nyuma, kwa hiyo zinaweza kupandishwa moja kwa moja juu ya mchanga bila kumkata mtu aliye majini. Lakini mashua ya namna hiyo katika mikono isiyofundishwa ni jeneza la bei kubwa. Sisi tunafanya mazoezi kila wiki. Kufunga mafundo gizani, kumrudisha mtu aliyeanguka, kumvuta majeruhi akiwa amelala badala ya kumning'iniza wima, kwa sababu aliyekaa sana kwenye baridi anaweza kuzimika moyo ukimsimamisha ghafla.

Nimeacha makusudi jambo gumu kuliko yote, familia. Machi 1969 mashua ya Longhope, katika visiwa vya Orkney huko Scotland, ilipotea na watu wote wanane. Nahodha alikuwa na wanawe wawili ndani. Fundi mitambo naye alikuwa na wanawe wawili. Kijiji kidogo, nyumba mbili, wanaume sita. Tarehe 19 Desemba 1981, upepo wa kimbunga ukiwa unavuma pwani ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, mashua iitwayo Solomon Browne iliitwa kwenda kwenye meli ya Union Star iliyokuwa imezimika mashine na watu wanane ndani. Nahodha wake, Trevelyan Richards, alichagua watu saba wa kwenda naye. Kijana mmoja aliwahi bandani pamoja na baba yake. Nahodha akamchukua baba, akamwambia kijana abaki, kwamba usiku kama ule hachukui wawili wa nyumba moja. Waliwafikia watu wa meli na kuwaondoa baadhi yao, kisha redio ikanyamaza. Wote 16, wa meli na wa mashua, walikufa. Kabla siku mbili hazijapita, kijiji cha Mousehole, walikotoka waokoaji hao, kilikuwa kimepata watu wa kutosha kuunda kikosi kipya, na yule kijana aliyeachwa ufukweni baadaye alikuja kuwa nahodha wa mashua iliyofuata.

Wanaosema kujitolea ni kuwatumia maskini bila malipo, naomba waufikirie uamuzi ule wa mlangoni. Nahodha alikuwa na dakika chache tu, na katika dakika hizo alimfikiria mama atakayebaki nyumbani. Kituo kinapaswa kufikiri hivyo kabla ya dhoruba: kiwe na kanuni ya nani haendi na nani, bima inayolipa kweli, mwajiri aliyekubali kwa maandishi kwamba mtu akiitwa kazini aondoke bila kukatwa mshahara, na mtu wa kuzungumza naye baada ya safari iliyorudi na maiti ya mtoto. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Mwenzetu mmoja alikaa miezi minne haji mazoezini, nasi tukadhani amechoka, kumbe halali usiku. Tulipaswa kumwendea wiki ya kwanza.

Na wapo wanaouliza, kwa nini mtu ahatarishe roho yake kwa ajili ya mjinga aliyetoka na boti ya kuchezea wakati hali ya hewa ilitangazwa? Nahodha wetu hapendi swali hilo. Aliyeokolewa hapewi hotuba kwenye mashua, anapewa blanketi. Mafunzo yatakuja siku nyingine, mchana, akiwa mkavu.

Mwezi uliopita tuliitwa usiku wa manane. Boti ya watu wawili, mashine imekufa, inasukumwa kuelekea mwambani. Watu wetu walifika bandani wengine wakiwa na viatu visivyolingana. Nilikagua kamba za majaketi, nikawasha trekta, mashua ikaingia majini, na nilipogeuka taa yake ilikuwa imeshapotea nyuma ya mawimbi. Ubaoni niliandika sita na saa waliyoondoka. Mke wa fundi mitambo alikuja akasimama karibu nami, hakusema neno, akawa anasikiliza redio. Zikapita saa mbili na robo. Kisha taa, kisha sauti ya mashine, kisha nahodha akaniambia nilete trekta.

Niliwahesabu wakishuka. Wanane. Nikafuta ubao, tukachukua mpira wa maji, tukaanza kuosha chumvi.