Mume wangu anataka kuacha pombe: aanzie wapi?

SWALI: Mume wangu amekunywa pombe kwa miaka mingi, na sasa ameamua kuacha. Amesikia habari za mikutano ya watu wanaosaidiana, lakini anaogopa kutambuliwa na majirani, na gharama yake hatuijui. Tufanyeje? – Mama Baraka, Nakuru

JIBU: Pole, dada yangu, na mpe hongera mumeo. Kwanza amwone daktari, kwa sababu mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa au hata kupatwa na degedege, hali inayoweza kuua.

Kuhusu mikutano, mpige simu NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa namba 1192, bila malipo, muulize kuhusu vikundi vilivyo karibu nanyi. Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe ulioanza Marekani mwaka 1935, hautozi ada: mchango ni wa hiari, na sharti la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa tu. Wanachama hujitambulisha kwa jina la kwanza, na siku ya kwanza mumeo anaweza kukaa kimya na kusikiliza. Ipo mikutano ya wazi, ambayo nawe unaweza kuhudhuria, na mingine ni ya wenye tatizo peke yao. Akiona haya, achague kikundi cha mtaa mwingine. Na kisipomfaa, ajaribu kingine kabla ya kukata tamaa.

Nawe usijisahau, maana vipo vikundi vya Al-Anon, ambavyo ni kwa ajili ya jamaa za wanywaji.