Kwa Wanaoanza Kazi ya Kutengeneza Vifaa vya Kusimamia Umeme wa Sauti na Picha

Anayeingia kufanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya kusimamia umeme wa mitambo ya sauti na picha hukabidhiwa kitu kinachoonekana chepesi: sanduku la chuma linaloingia kwenye raki ya inchi 19, yaani fremu ya kupangia vyombo, lenye kimo cha milimita 44 hivi, soketi nane au zaidi kwa nyuma na taa chache kwa mbele. Kumbe ndani ya sanduku hilo zimekusanywa kazi kadhaa zisizofanana: kuzuia umeme unaopanda ghafla, kuchuja kelele, kusawazisha volti, kuwasha na kuzima vyombo kwa zamu, kupima mkondo, na kuyaendesha yote hayo kwa mbali. Jambo ninaloomba ulishike tangu siku za mwanzo ni kwamba kila moja ya kazi hizo ina mpaka wake, na kwamba lebo yetu inapaswa kusema kile tu ambacho sakiti inakifanya na ambacho mtu mwingine, kwa vyombo vyake, anaweza kukipima akapata jibu lilelile.

Mnunuzi wetu si mtu wa kubahatisha. Furman, mojawapo ya majina ya zamani katika fani hii, ilianzishwa California mwaka 1974 na ilitengeneza vifaa vya kuchakata sauti kabla ya kujulikana zaidi kwa vifaa vya umeme vya raki, vikiwemo vile vya PL-8 vyenye taa zinazovutwa nje upande wa mbele. Taa zile zinaeleza vizuri mahali kifaa chetu kinapoishi: kwenye raki, jukwaani penye giza, mbele ya fundi mwenye dakika chache kabla ya onyesho kuanza. Fundi huyo hana nafasi ya kugundua wakati huo kwamba maneno yaliyoandikwa kwenye boksi yalimaanisha kitu kingine.

Anza kwa kujifunza mruko wa volti, yaani ule umeme unaopanda ghafla kwa muda mfupi sana, kwa sababu hapo ndipo ahadi nyingi hutolewa bila uangalifu. Kinga iliyoenea zaidi ni varista, kidude cha oksidi ya zinki ambacho hukaa kimya volti inapokuwa ya kawaida na kugeuka kuwa njia nyepesi ya mkondo volti inapovuka kiwango fulani. Ni rahisi, ni ndogo na hufanya kazi haraka sana, lakini hulipia kila mruko mkubwa inaoumeza: punje zake za ndani huharibika kidogo kidogo, kiwango chake cha kuanza kupitisha mkondo hushuka, na mwishowe inaweza kupata joto kali hata chini ya volti ya kawaida. Ndiyo maana kila varista katika bidhaa nzuri huambatanishwa na fyuzi ya joto inayoikata kabla haijawaka, na ndiyo maana taa ya mbele inayosema kwamba kinga ipo lazima ifuate hali halisi ya varista, wala isiwe inawaka tu kwa kuwa umeme umefika. Ukikabidhiwa mchoro wa bidhaa mpya, fuatilia waya wa taa hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye matangazo utaona idadi kubwa za juli, kipimo cha nishati ambayo kinga inadaiwa kuweza kuimeza. Usizitegemee, na usizitumie kushindana. Namba yenye maana zaidi ni volti inayobaki kupita kwenda kwenye chombo cha mteja baada ya kinga kufanya kazi yake, ikipimwa kwa wimbi la majaribio linalojulikana. UL 1449, kiwango cha usalama cha Marekani kwa vifaa vya kukinga mruko, hupima kwa wimbi la volti 6000 na ampea 3000, na matokeo yake hupangwa katika madaraja ambayo la chini kabisa ni volti 330. Namba hiyo inaweza kurudiwa na maabara yoyote yenye vifaa. Juli hutegemea jinsi mtu alivyojumlisha uwezo wa varista zake, na bidhaa mbili zenye juli sawa zinaweza kumlinda mteja kwa namna zisizolingana hata kidogo.

Kuna jambo lingine ambalo wageni waliotoka kwenye umeme wa majengo hulikosa, nalo ni la mitambo ya sauti na picha hasa. Kinga nyingi huelekeza sehemu ya mruko kwenye waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini. Kwa friji au taa hilo halina shida kubwa, kwa sababu chombo hicho kiko peke yake. Mtambo wa sauti na picha, kinyume chake, ni vyombo vingi vilivyofungwa pamoja kwa kebo za mawimbi: mikisa iko upande mmoja wa ukumbi kwenye sakiti moja, projekta iko darini kwenye sakiti nyingine, na katikati yake kuna kebo ya HDMI au ya mtandao. Mruko ukimwagwa kwenye ethi ya upande mmoja, ethi hiyo hupanda juu ya ile ya upande wa pili kwa muda mfupi sana, na tofauti hiyo hutafuta njia kupitia kebo ya mawimbi. Matokeo yake ni milango ya HDMI iliyoungua katika vyombo ambavyo upande wao wa umeme ni mzima kabisa, na mteja anayeshangaa kwa nini kinga aliyoinunua haikumsaidia. Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji, SurgeX wakiwa mfano unaojulikana, walichagua njia ya kuweka koili kubwa katika mfululizo na waya wa moto, ili nishati ya mruko icheleweshwe na kuhifadhiwa kwenye kapasita na kuachiliwa taratibu bila kutupwa kwenye ethi. Njia hiyo ni nzito na ni ghali zaidi, kwa uzito wa koili peke yake, na kwa maoni yangu inastahili gharama yake pale kebo za mawimbi zinapovuka kutoka sakiti moja hadi nyingine. Pale vyombo vyote vinapokaa kwenye raki moja na soketi moja, hoja hiyo hupungua nguvu, nasi tuna wajibu wa kumwambia mteja hivyo.

Usichanganye mruko na volti iliyopanda na kubaki juu. Katika umeme wa fezi tatu wa volti 230 kwa 400, waya wa nyutro ukikatika, vyombo vya fezi moja vinaweza kujikuta kwenye volti zinazokaribia 400 kwa dakika nzima au zaidi. Varista za kawaida za umeme huo haziwezi kustahimili hali hiyo, zitaungua. Kinachohitajika ni sakiti inayopima volti inayoingia na kufungua rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, volti ikivuka kiwango, kisha kusubiri itulie kabla ya kurudisha umeme. Kama bidhaa haina sakiti hiyo, mwongozo wake useme wazi kwamba haina.

Kuhusu kelele, swali utakaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni la mvumo kwenye spika. Mteja husikia mvumo wa hezi 50 au 100, hununua kifaa chenye kichujio, na mvumo hubaki palepale. Kichujio hakina kosa. Kimebuniwa kupunguza kelele za masafa ya juu, zile za vifaa vya kubadili umeme, vipunguza mwanga na redio, na hakiwezi kuondoa hezi 50 kwa sababu hizo ndizo umeme wenyewe. Mvumo huo kwa kawaida hutokana na mkondo unaozunguka kati ya ethi mbili kupitia ngao ya kebo ya sauti, ule wavu wa chuma unaozunguka nyaya zake, na tiba yake iko kwenye mpangilio wa ethi, kwenye kebo zenye waya mbili za mawimbi zilizosawazishwa, na kwenye jinsi ngao inavyounganishwa ndani ya chombo. Mhandisi wa sauti Neil Muncy aliandika mwaka 1995 kuhusu vyombo vinavyounganisha ngao kwenye ubao wa sakiti badala ya kwenye bodi ya chuma, yaani ganda la chombo, na kiwango cha AES48 cha jumuiya ya wahandisi wa sauti (AES), kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005, kinaeleza namna sahihi. Visome vyote viwili hata kama hutatengeneza mikisa maishani mwako, kwa maana utajibu simu za watu walioumizwa na tatizo hilo. Na mtu akikuuliza kama anaweza kukata pini ya ethi ya plagi ili mvumo ukome, mjibu bila kuzungukazunguka kwamba hapana: pini ile ndiyo inayozuia bodi ya chombo kuwa na umeme hatari pale waya wa moto unapoigusa, na mwimbaji hushika maikrofoni ya chuma kwa mkono wenye jasho.

Kichujio chenyewe kina gharama yake iliyofichika. Kapasita zinazounganisha waya wa moto na ethi hupitisha mkondo mdogo muda wote, na kila chombo kwenye raki kina kapasita kama hizo. Miliampea moja au mbili kwa kila chombo si kitu. Vyombo kumi na tano kwenye sakiti yenye kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachohisi mkondo unaovuja kwenda ethi, ni kitu, kwa kuwa vifaa hivyo vya usalama vinaruhusiwa kukata kuanzia miliampea 15. Mbunifu anayeongeza kapasita ili namba ya desibeli kwenye lebo, inayoonyesha kelele imepunguzwa kwa kiasi gani, ipendeze anaweza kuwa anamletea mteja ukumbi unaozimika katikati ya hotuba bila hitilafu yoyote kuonekana.

Vidhibiti vya volti nitavipitia kwa haraka. Vingi hutumia transfoma yenye vituo kadhaa na huruka kutoka kituo kimoja hadi kingine volti inapoyumba. Vinafaa kwa vyombo vyenye transfoma ya kawaida na kwa amplifaya za zamani ambazo nguvu yake hushuka pamoja na volti. Chombo kilichoandikwa volti 100 hadi 240 tayari kinajidhibiti chenyewe, na kumuuzia mwenye vyombo vya aina hiyo peke yake kidhibiti kizito ni kumpa kitu asichokihitaji.

Kuwasha kwa zamu kunastahili umakini zaidi kuliko kunavyopewa. Kanuni yake ni kwamba vyanzo, mikisa na vichakataji huwaka kwanza na amplifaya mwisho, na wakati wa kuzima amplifaya hutangulia, ili kishindo cha vyombo vya mbele kisifike kwenye spika. Sababu ya pili ni mkondo wa kuanzia, ule mkubwa ambao chombo huvuta kwa muda mfupi kinapowashwa. Sakiti breka ya aina ya B hukata papo hapo kwa mkondo wa mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, ya C mara 5 hadi 10, ya D mara 10 hadi 20; amplifaya kadhaa zikiwashwa kwa pamoja huvuka viwango hivyo kwa urahisi ingawa matumizi yao ya kawaida ni madogo. Hapa pana mtego wa kibunifu ambao ningependa kila mgeni autafakari akiwa na osiloskopu mbele yake: kufunga rilei wakati wimbi la umeme linapita kwenye sifuri hupunguza sana mkondo wa kuanzia wa vyombo vyenye kapasita, lakini kwa transfoma wakati huohuo ndio mbaya kuliko wote. Rilei moja yenye wakati mmoja haiwezi kuvifaa vyote viwili kwa kiwango sawa. Vilevile, vile vipingamizi vinavyopunguza mkondo vikiwa baridi havisaidii mtu akizima na kuwasha tena baada ya sekunde mbili, kwa sababu bado ni vya moto. Jaribu kila bidhaa kwa namna hiyo, kwani ndivyo watu wenye haraka watakavyoitumia.

Mwachie mteja uhuru wa kupanga muda wa kila hatua. Kichakataji cha kidijitali kinaweza kuhitaji nusu dakika au zaidi kabla hakijatulia, na projekta ya taa huhitaji feni iendelee baada ya taa kuzimwa. Hatua za sekunde chache zilizofungwa kiwandani hazimtoshi yeyote kati ya hao.

Kwa vifaa vinavyoendeshwa kupitia mtandao, mazoea ya kuzima na kuwasha soketi chombo kinapoacha kuitika ni ya manufaa makubwa, hasa raki inapokuwa mbali na fundi. Weka kikomo cha majaribio, la sivyo chombo kibovu kitawashwa na kuzimwa usiku kucha. Hakikisha pia kwamba kifaa hakiwezi kuizima swichi ya mtandao ambayo amri ya kuiwasha tena ingepitia. Nenosiri la kiwandani lilazimishwe kubadilishwa mara ya kwanza mtu anapoingia, kwa maana anayeingia humo bila ruhusa anazima ukumbi mzima.

Utakapofika kwenye meza ya majaribio, usikubali kupima sampuli tu kwa mambo ya usalama. Kila kifaa kinachotoka kipimwe uthabiti wa njia ya ethi kwa mkondo wa ampea 25, upinzani wake ukiwa chini ya omu 0.1, na kipimwe insulesheni yake kwa volti kubwa. Skrubu za soketi zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa. Muungano uliolegea hupata joto, na joto hulegeza zaidi.

Na vifaa vinavyorudishwa na wateja, omba upewe kuvifungua wewe mwenyewe katika miezi yako ya kwanza. Tazama ni varista ipi imeungua, kati ya moto na nyutro au kati ya moto na ethi. Tazama kama ncha za rilei zimeyeyukia pamoja. Uliza vyombo gani viliunganishwa na kwa kebo zipi. Andika unachokiona kabla ya kusikia maelezo ya idara ya mauzo, kisha upeleke maandishi hayo kwa anayeandika lebo.