Gastrini ya juu peke yake haitoshi

Je, gastrini (homoni inayochochea tumbo kutoa asidi) ikiwa juu kwenye damu, ni lazima mtu ana uvimbe wa Zollinger-Ellison, yaani uvimbe unaomwaga gastrini nyingi? Hapana, kipimo hicho pekee hakiuthibitishi. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, yenyewe hupandisha gastrini, na hata tumbo lisilotoa asidi kabisa huipandisha. Ndiyo maana hupimwa pia pH ya maji ya tumboni (ikiwa chini, asidi ni kali): gastrini kabla ya kula ikizidi 1000 pg/mL huku pH ikiwa chini ya 2, hapo jibu limepatikana. Ikiwa imepanda kiasi tu, mgonjwa hudungwa sekretini, homoni nyingine, kisha gastrini hupimwa tena. Gastrini ikiruka kwa 120 pg/mL au zaidi, ndio uvimbe wenyewe. Niko maabara, na fomu nyingi huja bila kutaja dawa anazomeza mgonjwa! Ila usiache omeprazole bila daktari eti ujipime. Kama uvimbe upo kweli, ukiiacha kidonda cha tumbo kinaweza kutoboka au kuvuja damu. Na mara nyingi uvimbe wenyewe uko kwenye duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo) au kongosho.