Mkulima aliyekataa kuuza: “refused”, si “denied”

Sahihi ni “The farmers refused to sell”, wala si “The farmers denied to sell” kama ilivyoandikwa katika taarifa ya mnada wa korosho. Kosa hili nalikuta kila muhula katika madaftari ninayosahihisha hapa Masasi, na chanzo chake ni Kiswahili chenyewe, kwa kuwa “kukataa” kwetu hubeba mambo mawili: mkulima hukataa kuuza korosho zake, na mtuhumiwa naye hukataa kwamba aliiba gunia la jirani. Kiingereza huyatenga kabisa. Anayegoma kutenda jambo, “refuses to” kisha kitenzi. Anayekana jambo analodaiwa kulitenda, “denies”, na kitenzi kinachofuata huishia na -ing, yaani “He denied stealing the sack”.

Kama kilichokataliwa ni bei yenyewe, ningeandika “The farmers rejected the price”, maana neno hilo lina uzito wa kukataa katakata, ilhali “declined” ni la adabu na lafaa zaidi kwa mwaliko wa harusi kuliko kwa mnada uliovunjika.

Tahadhari moja: “deny” huweza pia kuwa kunyima, kwa mfano “They were denied payment”, yaani walinyimwa malipo, kwa hiyo taarifa ile ikisomwa na mgeni inaweza kumchanganya kabisa asijue nani alimkatalia nani. Naomba irekebishwe kabla haijabandikwa kwenye ubao wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima.